Picha za Watoto Zizini

Kupiga picha ya mtoto mdogo ni kazi inayodhaniwa kuwa rahisi na wale wasiopata kuijaribu. Ng'ombe husimama akicheua, na mzee huketi kitini kama alivyoombwa. Lakini mtoto wa miaka mitatu hatii amri ila ya miguu yake.

Mwaka 1958 mkulima mmoja wa wilaya ya Nandi aliazima kamera ya sanduku kwa shemeji yake, mwalimu wa shule. Kamera za namna hiyo zilianza kuuzwa kwa bei nafuu na kampuni ya Kodak mwaka 1900, kwa jina la Brownie. Zilikuwa rahisi kutumia, lakini hazikuwa na kasi ya kukamata kitu kiendacho mbio: kilichotulia kilitoka vyema, kilichokimbia kilitoka kama moshi. Tena filamu aliyoinunua ilikuwa ya picha nane tu.

Mkulima huyo hakutaka picha kwa ajili ya fahari. Mwaka 1956 surua ilikuwa imemchukua mwanawe wa pili, naye hakuacha picha hata moja. Siku hizo chanjo ya surua ilikuwa haijapatikana. Ilianza kutolewa huko Marekani mwaka 1963. Baadaye mama wa mtoto alimwambia mumewe kwamba sauti ya marehemu angali akiisikia, ila uso wake umeanza kumpotea. Basi baba akaazimia kwamba watatu waliosalia wasikose picha.

Jumapili walivikwa nguo za kanisani, wakapangwa mbele ya ng'ombe wa gredi. "Simameni kama askari!" baba akaamuru. Mara ya kwanza mdogo alilia. Mara ya pili wote waligeuka kumtazama mbwa. Mara ya tatu ng'ombe alitikisa kichwa, wakatawanyika. Mara ya nne walisimama kweli, lakini nyuso zao zilikuwa za watu wanaongoja hukumu. Nusu ya filamu ikawa imekwisha.

Bibi yao, aliyekuwa ameketi kivulini, akasema, "Mwanangu, hao ni watoto, si nguzo za boma. Waache washike kazi yao."

Saa kumi, wakati wa kukamua, jua lilipokuwa lingali na nguvu, watoto walikuwa wamekwisha vaa nguo zao za kila siku. Mkubwa alishika kamba ya ndama, wa pili akachukua kibuyu cha maziwa, na mdogo akamkumbatia ndama shingoni, kama ilivyokuwa desturi yake mama yake akikamua. Hapakuwa na haja ya amri. Mtoto azuiaye ndama hutulia mwenyewe, kwa maana akicheza, ndama humponyoka. Baba alichuchumaa, jua likiwa mgongoni pake, kamera ikawa sawa na nyuso zao. Mama alikaa kati ya watoto na miguu ya nyuma ya ng'ombe, kwani hata ng'ombe mpole aweza kupiga teke akiona ndama wake amezuiwa.

Filamu iliposafishwa mjini, picha tano zilikuwa zimeharibika. Katika tatu zilizobaki, baba alipenda ile ambayo wote watatu walitazama kamera. Mama alichagua nyingine: mdogo hatazami mtu, na sikio la ndama limemfunika shavu. Alisema kwamba hivyo ndivyo anavyomwona kila siku.

Leo simu ya mkononi hupiga picha mia bila gharama ya filamu, na mtoto akimbiaye hutoka vizuri penye mwanga wa kutosha. Hata hivyo mambo mengine hayakubadilika. Mpigaji yampasa ainame hata afikie kimo cha mtoto, amwache katika shughuli aliyoizoea, wala asimweke nyuma ya ng'ombe kwa ajili ya picha. Na kwa kuwa simu hupotea, tena huharibika, ni vema picha chache zichapishwe karatasini, na nyuma yake iandikwe kwa penseli jina la mtoto, mahali na mwaka. Jina la ndama nalo liandikwe, maana ndilo ambalo mtoto mwenyewe, akisha kuwa mtu mzima, ataliuliza kwanza.