Dawa niliyompa mama yule, na walinzi wa tumboni niliowaua

Leo sianzi na ushauri. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana naona wengi bado mnalirudia.

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Chamwino, mama mmoja wa kijiji cha jirani na Buigiri alinipigia simu. Alikuwa amenunua vifaranga 120 wa mashine kwa mkopo wa kikoba. Walikuwa wazima, wanakula na kunywa vizuri. Akaniuliza, "Bwana mifugo, niwape nini wasife?" Nikamjibu bila hata kwenda kuwaona: weka OTC kwenye maji siku kumi, itawakinga.

Siku chache baada ya dawa kwisha, vifaranga wakaanza kujikunyata, mbawa zimeshuka, mavi meupe yamegandia nyuma. Nilipofika nilikuta ndoo imejaa mizoga. Walibaki 38. Yule mama hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, dawa si nilitumia kama ulivyoniambia?" Sikuwa na jibu. Vipimo vilionyesha ni salmonela, tena sugu kwa dawa ileile niliyompa.

Nikaanza kusoma kwa nini. Nilichokikuta kilibadilisha kazi yangu.

Utumbo wa kuku si bomba tupu. Umejaa bakteria, na wengi wao ni wenyeji wasio na madhara. Wenyeji hawa hawapendi wageni. Hula chakula ambacho mgeni angekula, hukalia nafasi, hutoa asidi, na baadhi yao hutengeneza sumu za protini za kuua bakteria wenzao. Mwaka 1925, André Gratia wa Ubelgiji aliona aina moja ya bakteria wa tumboni aitwaye E. koli ikizuia aina nyingine kwa kitu ilichokitoa. Sumu hizo baadaye ziliitwa kolisini. Nyingine hutoboa ngozi ya bakteria adui mpaka uhai unavuja. Nyingine huingia ndani na kukatakata vinasaba vyake. Mwenye sumu ana protini yake ya kinga, hivyo sumu yake haimdhuru. Lakini ili kuimwaga, bakteria yule mmoja kwa kawaida hupasuka na kufa. Wanaofaidi ni ndugu zake waliobaki. Wengine, kama bakteroidi, wana kitu kama mkuki: humchoma jirani na kumwingizia sumu moja kwa moja.

Sumu hizi huchagua. Kolisini hulenga zaidi jamaa wa karibu wa aliyeitoa, si kila kiumbe. OTC haichagui hivyo. Inafagia wengi, wema kwa wabaya. Anayesalia ni yule sugu. Mimi niliwaondoa walinzi, nikamwachia salmonela sugu nyumba tupu.

Na kifaranga wa mashine ana shida zaidi. Yule wa kienyeji hudonoa nyuma ya mama yake na kuokota wenyeji wa tumbo lake mapema. Wa mashine hana mama. Mwaka 1973 watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga wachanga wakipewa vilivyomo tumboni mwa kuku wakubwa wazima, salmonela hupata shida kujijenga ndani yao.

Tahadhari: usichukue mavi ya kuku wakubwa ukawapa vifaranga. Wewe unaweza kuwapa ugonjwa.

Fanya haya:

1. Usiwape antibayotiki vifaranga wazima. Ni ya ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa, kwa dozi na siku alizoandika mtaalamu.

2. Nunua vifaranga kwa mtotoleshaji ambaye kuku wazazi wake wamepimwa salmonela. Baadhi ya salmonela hupita ndani ya yai.

3. Bruda iwe na joto la kutosha, matandazo makavu, maji safi kila siku. Kifaranga aliyepigwa baridi hata walinzi wake hawamsaidii sana.

4. Mdondo ni kirusi. OTC haiutibu. Chanja.

5. Ukilazimika kutumia dawa, usile wala kuuza mayai na nyama mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Yule mama nilimchangia vifaranga kutoka mfukoni mwangu, na safari hii nilikwenda bandani kwake kila wiki. Hatukutia dawa yoyote ya kukinga zaidi ya chanjo. Alimaliza deni la kikoba kwa kuchelewa. Hadi leo akinipigia simu, swali lake la kwanza ni, "Mwanangu, unakuja kuwaona kwanza?"

Nakwenda. Na wewe kabla ya kufungua pakiti ya dawa, mwite mtaalamu aje aone. Tukutane wiki ijayo.