Taa za gari la marehemu ndugu yetu

Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa maana tutazungumza habari za gari. Tena si gari la kubebea mahindi wala la kupelekea wagonjwa hospitali, bali ni gari dogo la michezo, lenye viti viwili tu na paa la turubai, ambalo mtu angeshangaa kulikuta limeegeshwa uani mwa nyumba ya mapadre hapa Kilimanjaro.

Gari hilo ni Eunos Roadster. Ndilo jina ambalo Mazda walilitumia kwao Japani kwa gari ambalo nchi nyingine zinalijua kama MX-5. Lilianza kuuzwa mwaka 1989. Hili letu ni la mwaka 1992, lina injini ya lita 1.6 na uzito usiofika tani moja. Mchana taa zake kubwa hulala ndani ya boneti, na zikiwashwa huinuka kama macho ya chura. Mdogo wetu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, alilinunua akalipenda kupita kiasi (mkewe ndiye aliyesema hivyo, si sisi), na alipofariki mwaka 2021 akamwachia mwanawe. Kijana huyo, ambaye kwa desturi yetu ni mwanetu na hutuita baba mkubwa, sasa ana miaka 23. Likizo iliyopita alikuja nalo, na ndani ya buti mlikuwa na katoni iliyojaa taa za LED.

Kusema kweli, moyoni hatukufurahi. Mara ngapi tumesafiri usiku na marehemu katika gari lile, tukitazama mwanga hafifu wa dashibodi usoni pake! Lakini mali ni ya mwanawe, na taa za gari la miaka zaidi ya 30 zilikuwa zimechoka kweli. Tukakubali, kwa sharti moja kwamba tutakaa naye kila hatua. Tukamwita pia mzee mmoja wa jumuiya yetu aliyestaafu ufundi umeme wa magari.

Balbu ya zamani huwaka kwa sababu umeme hupita katika uzi mwembamba wa tungsteni mpaka uzi ung'ae, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto. LED haina uzi wa kuungua. Ni kipande kidogo cha diodi kinachotoa mwanga chenyewe umeme unapopita, nao unapaswa kupita upande mmoja tu. Mtaalamu Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu mwaka 1962 akiwa General Electric, lakini ya buluu iliwasumbua wataalamu hadi miaka ya 1990. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, walituzwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili ya rangi hiyo moja. Wengine walishangaa kwamba rangi tu inaweza kupewa tuzo. Sababu ni kwamba mwanga mweupe tunaouona katika taa hizi hupatikana kwa kuipaka diodi ya buluu unga wa kemikali utoao umanjano.

Tunaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyotupa taabu ya kwanza. Kijana alikuwa amenunua taa zote nyeupe. Alipoziweka nyuma ya vioo vyekundu vya taa za breki, zikatoa rangi ya waridi iliyofifia. “Fundi, kwani hizi si zina mwanga mkubwa kuliko za zamani?” akauliza. Mzee akamjibu kwamba ukubwa wa mwanga si hoja: ndani ya weupe ule wekundu ni mchache, na kioo chekundu hakiwezi kutoa kisichopewa. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kioo cha indiketa weka ya rangi ya machungwa. Kijana akarudi mjini na nusu ya katoni.

Taa ndogo hazikuwa na maneno. Zile za kibao cha namba ni balbu za wati 5 zisizo na kitako cha chuma; LED iliyochukua nafasi yake haitumii hata wati moja. Ikigoma kuwaka, unaichomoa na kuigeuza, kwa kuwa nguzo zake zimepishana. Mzee alitoa onyo moja kuhusu dashibodi, nasi tunalipitisha kwa wenye magari ya zamani: taa nyekundu ya chaji msiiguse ovyo, kwani katika magari mengi ya zama hizo umeme unaoamsha alteneta hupitia humo, na ukiweka LED betri inaweza isichajiwe. Kijana akasema basi dashibodi ataifanya mwisho.

Indiketa nazo zilipowekewa LED zikaanza kupepesa mbio kama zina homa. Flasha ya zamani hupima wingi wa umeme unaopita. Ikiona kidogo, hudhani balbu moja imekufa, nayo hupepesa haraka ili kumwarifu dereva. Mafundi wengi wa barabarani huidanganya kwa kufunga rizista za omu 6 pembeni. Rizista hiyo hunywa wati 24 na zaidi kila taa inapowaka, ikawa moto wa kuunguza ngozi, na tumewahi kuona moja imebandikwa juu ya plastiki, nayo plastiki imelainika kama nta. Mzee alikataa katakata. Akatafuta flasha ya kielektroniki, isiyojali ni wati ngapi, na kazi ikaisha kwa dakika chache.

Kwa taa za breki tulisadiki hata sisi. Uzi wa balbu huchukua kitambo kupata moto, kama sehemu mbili za kumi za sekunde, ilhali LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, gari linalokufuata hukata zaidi ya mita 5 katika kitambo hicho. Mwenye kuendesha kigari kifupi kama hiki mbele ya basi la mkoani atajua thamani ya mita 5.

Zikabaki taa kubwa. Hapo ndipo tulipokosea, na tunasema “tulipokosea” kwa sababu tulikuwepo, tuliona, na tulinyamaza. Mzee alikuwa ameondoka. Kijana akatoa balbu za halojeni aina ya H4, akachomeka mahali pake balbu za LED zenye feni ndogo nyuma, akawasha ukutani. Uwanja wote ukawa mweupe kama mchana. Alifurahi mno, tukakosa moyo wa kumwambia tusubiri. Tukatoka naye kuteremka kuelekea barabara kuu, taa zikiwa zimeshushwa.

Hatukufika mbali. Katika kona, mzee mwenye baiskeli, amebeba majani ya ng'ombe, aliinua mkono kuziba macho, akayumba, akaingia mtaroni. Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa amechubuka goti na kiganja, gurudumu la mbele limepinda. Kijana alikuwa anatetemeka kuliko yeye. “Shikamoo babu, nisamehe, nilikuwa nimeshusha taa,” alirudia mara tatu. Yule mzee akatutazama sisi, akasema kwa upole, “Baba Paroko, kama hizo zimeshushwa, je, zikipandishwa?”

Fundi alituonyesha kosa asubuhi iliyofuata. Ndani ya H4 mna nyuzi mbili, na chini ya uzi wa taa ya kushusha kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende nusu ya chini ya sahani inayouakisi. Sahani na kioo vimechongwa kwa kufuata mahali pa uzi ule. Balbu ya LED ina vipande vilivyobandikwa ubavuni, havikai mahali pale pale, basi mwanga hutawanyika na kupanda machoni mwa watu. Ujerumani waliruhusu balbu chache za namna hiyo kuanzia mwaka 2020, lakini kwa magari yaliyopimwa aina kwa aina, si kwa kila chombo. Kijana alikuwa amezilipia mshahara wake wa karibu nusu mwezi. Alizichomoa mwenyewe, akarudisha halojeni, na kwa siku mbili hakula vizuri.

Njia halali ilikuwepo. Taa za gari hili ni za duara la inchi 7, kipimo kile kile cha Land Rover za zamani zilizojaa katika misheni zetu, nazo huuzwa zikiwa kamili, LED pamoja na kioo chake kilichochongwa kwa ajili yake. Dukani kulikuwa na jozi mbili. Ya bei nafuu ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na mwanga wake hupanda upande wa kulia, yaani kwetu ungemwangukia anayekuja mbele. Ya pili, ghali zaidi, ilikuwa na mshale kwenye kioo, alama ya nchi zinazoendesha kushoto. Kijana alizishika zote mbili mkononi kwa muda mrefu. Kisha akazirudisha, akasubiri mwisho wa mwezi, akanunua yenye mshale.

Tulizipima ukutani mwa ukumbi wa parokia kwa umbali wa mita 10, mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukakaa sentimeta 10 chini ya kimo cha taa. Jioni kijana akaenda peke yake kwa yule mzee, ambaye baiskeli yake alikwisha kuitengeneza, akamwomba asimame kwenye kona ile ile. Tuliliendesha gari sisi. Mzee hakuinua mkono. Tulipomfikia akasema kwamba aliona gari, akaona na njia, akauliza kama kuna taa ndogo ya namna hiyo kwa baiskeli. Ipo, na kijana anaijua inakouzwa.

Juzi ameondoka kwenda Dar es Salaam. Tulipokuwa tukipanga meza tuliikuta pakiti ya taa za dashibodi imeachwa kando ya vitabu vyetu, haijafunguliwa. Tulimpigia simu kumwambia amezisahau. Akasema hajazisahau.