Wimbo Niliodhani Naujua

Wiki ile matokeo yalipotoka, mwenzangu wa chumbani aliniazima Nintendo Switch yake. Hakuuliza nimepata nini. Alisema tu, "Chukua, punguza stresi." Ndani kulikuwa na gemu inaitwa Theatrhythm Final Bar Line.

Kwa wasioijua: Final Fantasy ni mfululizo wa gemu za hadithi kutoka Japani, ulioanza 1987. Unasafiri, unapigana, unasoma maneno mpaka macho yanauma. Hii ya 2023 imeweka hadithi pembeni ikabakiza muziki. Ina nyimbo 385, mashujaa wanne wadogo wanapigana kwenye kioo, na kazi yako ni kufuata mdundo. Alama nyekundu, bonyeza. Ya kijani, shikilia mpaka iishe. Ya njano yenye mshale, sukuma kijiti upande huo. Ukikosea sana nguvu zinaisha, na wimbo unakatika hapohapo.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyimbo za Final Fantasy X. Nina sababu.

Kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu mtaani kwetu. PlayStation 2 mbili, televisheni mbili za chogo, benchi moja. Mchana kutwa ni mpira, kelele na ubishi wa nani kamaliza dakika zake. Usiku wateja wakiondoka, anashusha turubai, anaweka diski yake ya Final Fantasy X na kufungua kamusi ya Kiingereza pembeni. Mimi, mtoto wa darasa la tatu, nilimsubiri tufunge pamoja, na kila siku usingizi ulinikuta kwenye benchi. Hadithi sikuielewa hata kidogo. Nilichobaki nacho ni ile piano ya mwanzo, "To Zanarkand" ya Nobuo Uematsu. Nadhani nimeisikia kuliko wimbo wa taifa.

Nilipofaulu kidato cha nne, kaka aliuza mashine zote mbili. Ada, godoro, nauli. Hakutangaza. Siku moja nilipita pale nikakuta wanakaanga chipsi.

Basi usiku ule hosteli nikachagua "To Zanarkand", kiwango cha juu kabisa. Naujua huu, nikajisemea. Sikufika hata nusu. Nikarudia, ukakatika tena. Mshikaji akachungulia kutoka kitanda cha juu: "Unawahi. Unabonyeza kabla."

Ni kweli. Vidole vyangu vilikuwa vinafuata wimbo uliomo kichwani mwangu, sio ule unaopigwa. Piano ile kuna mahali inavuta pumzi kabla ya kuendelea, na mimi kila mara nilikuwa nimesharuka. Niliujua kwa masikio ya mtu aliyelala.

Hapo nikakumbuka Takwimu. Semista nzima nilikaa mstari wa pili natikisa kichwa. Mwalimu akikokotoa ubaoni, namfuata vizuri. Madesa nilisoma yote. Vimbwetani wenzangu wakibishana, mimi nasema, "Aah, hiyo naijua." Lakini sikuwahi kukaa peke yangu na karatasi tupu nikalipeleka swali moja hadi jibu. Kwenye mtihani karatasi ilikuwa tupu kwelikweli, na hapakuwa na mtu wa kumfuata. Nimepata sapu.

Nikashusha kiwango mpaka cha chini kabisa, kile cha wanaoanza. Aibu, lakini nilishusha. Safari hii sikubonyeza nikikumbuka; nilisubiri alama ifike. Saa saba usiku nikaumaliza wote, na makosa yangu mengi tu.

Kwa wiki nzima nilikuwa sipokei simu za kaka. Asubuhi nikampigia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dogo. Umepotea."

Sikujua nianzie wapi, nikasogeza simu karibu na Switch. Piano ikaanza. Akanyamaza muda, kisha akasema, "Hapo ulikuwa unakoroma."

Nikacheka, halafu nikamwambia habari ya sapu. Nilitegemea mawaidha. Akauliza, "Unarudia lini?"

"Septemba."

"Hela ya kula mpaka huko unayo?"

Bumu lilikuwa limeisha zamani, ila nikasema ninayo. Kisha nikamuuliza kitu ambacho miaka yote sikuwahi kumuuliza: ile gemu, aliimaliza?

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nimebakiza kidogo."

Hakuongeza neno. Wala mimi.

Switch nimeirudisha Ijumaa. Tangu hapo, kila jioni utanikuta kimbweta cha mwisho kule karibu na maktaba, nina karatasi tupu na swali moja. Madesa nimeyaacha chumbani. Nikikwama nafuta, naanza upya, polepole, bila kuruka. Mshikaji akipita anasema, "Usiwahi." Namwambia nasubiri.