P0420: Ushuhuda wa Mwenye Pikapu

Pikapu yangu bado ina masega yake, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kitale na kule Bungoma pikapu nyingi za petroli za rika lake zimeshang'olewa yao, pakachomelewa bomba tupu, na wenyewe hawajui walichopoteza. Ningekuwa mmoja wao. Kilichoniokoa ni fundi mmoja kijana wa Bungoma aliyenifundisha kusoma mashine, na tangu hapo mimi si yule mama wa kukabidhi ufunguo na kwenda kukaa kwenye benchi mpaka aitwe kulipa.

Nauza mazao. Nashuka na viazi na kabeji kutoka Kitale, napitia Kiminini, Kamukuywa na Kimilili hadi soko la Chwele, mara nyingine naendelea hadi Bungoma mjini. Narudi na ndizi, vitunguu, chochote chenye faida siku hiyo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko chini yake kwa mita 500 hivi, kwa hiyo nikirudi nyumbani injini inapanda ikiwa na mzigo.

Taa ya injini ilipowaka, gereji ya kwanza niliyoingia ilichomeka mashine, ukatoka msimbo wa hitilafu P0420, na uamuzi ukatolewa papo hapo: "Mama, masega yamekufa. Tuyatoe, tuweke bomba, gari lipumue." Mnunuzi wa masega alikuwa palepale. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu, lakini ni madini ya bei. Sikujua lolote kuhusu ekzosi siku hiyo. Nilijua tu kwamba daktari anayetaka kununua figo yako hafai kukupima, nikawasha gari nikaondoka.

Nilipompelekea gari, yule kijana wa Bungoma alianza kwa kuniambia kwamba P0420 haisemi masega yamekufa. Inasema kompyuta ya gari imeona kazi ya masega iko chini ya kiwango, basi. Akanionyesha inavyoona. Kwenye ekzosi kuna sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Volti za sensa ya mbele hupanda na kushuka bila kukoma, kati ya 0.1 na 0.9 hivi, kwa kuwa kompyuta inaongeza na kupunguza petroli kila wakati. Masega mazima huweka akiba ya oksijeni na kuiachia inapohitajika, kwa hiyo gesi inayotokea upande wa pili imetulia, na sensa ya nyuma hukaa karibu na volti 0.6 au 0.7. Yakichoka, sensa ya nyuma huanza kupanda na kushuka sawa na ya mbele. Kompyuta inalinganisha hizo mbili, na kwa kawaida ikiona zinafanana katika safari mbili zinazofuatana, inawasha taa.

"Lakini, Mama," akasema, "kuna mengi yanayoweza kuichezesha hiyo ya nyuma."

Hakufuta msimbo ule. Nalisisitiza hili kwa kila mtu anayenisikiliza, kwa maana mafundi wengi hukimbilia kufuta ili mteja aone taa imezimika na kutoa pesa. Ukifuta, unapoteza pia kumbukumbu ambayo kompyuta iliweka wakati taa inawaka: mizunguko ya injini, joto lake, mzigo, mwendo wa gari. Tuliisoma pamoja kwenye simu. Injini ilikuwa moto, mzigo mzito, mwendo mdogo. Taa iliwaka nikiwa napanda.

Akaingia chini ya gari injini ikiwa baridi. Akaniambia niwashe, akaubana mdomo wa ekzosi kwa kitambaa huku akimimina maji ya sabuni kwenye viungio. Povu likatoka kwenye ufa wa kiungio kilichowahi kuchomelewa, kabla ya sensa ya nyuma. Hapo nilijifunza jambo ambalo hadi leo linanipendeza: gesi ya ekzosi haitoki kwa mkondo mmoja, inatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo ule ufa unavuta hewa ya nje. Oksijeni hiyo ngeni ndiyo inayoihadaa sensa. Alichomelea upya na kubadilisha gasketi. Kisha akafungua sensa ya mbele, akafunga geji ya presha mahali pake na kunitaka nikanyage mafuta. Mshale ulibaki chini. Masega hayakuwa yameziba.

Taa ilizimika, halafu baada ya muda ikarudi, safari hii ikipepesa nilipokuwa napanda kutoka Kamukuywa. Taa inayopepesa ni hatari kuliko inayowaka tuli. Maana yake silinda fulani haichomi vizuri, petroli mbichi inaingia kwenye masega na kuungua humo, na joto lake linaweza kuyeyusha kauri ya ndani. Nilipunguza mwendo, nikafika nyumbani polepole. Msimbo ulikuwa P0302, yaani silinda ya pili. Gerejini, gari likiwa limesimama, injini ilinguruma vizuri kabisa, na fundi mwingine angesema hakuna kitu. Kijana wetu alihamisha koili ya silinda ya pili akaiweka kwenye ya tatu, akanituma nikapande tena na mzigo. Ukaja P0303. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili.

Koili moja na plagi nne. Hivyo ndivyo vilivyohitajika, pamoja na kuziba ule ufa, na sensa ya nyuma ikatulia.

Wazee wa gereji huniambia masega hayafai kwa mafuta yetu. Nawaheshimu, na najua neno lao lilitoka wapi. Petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi huua masega haraka. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliiondoa kufikia mwanzoni mwa 2006. Kisha likabaki tatizo la petroli kuchanganywa na mafuta ya taa, na mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili faida ya uchanganyaji ipungue. Hoja yao ilikuwa ya kweli wakati wake. Leo masega yana nafasi ya kuishi hapa, na mimi nataka yaishi. Asubuhi napita Kiminini watoto wa shule wakiwa wamejaa pande zote za barabara, na moshi wa ekzosi unawafikia vifuani. Masega hugeuza monoksidi ya kaboni kuwa dioksidi ya kaboni, na kupunguza petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni. Siwezi kuliuza hilo.

Sasa nina kisomaji changu kidogo cha Bluetooth, na wenzangu wa sokoni huja kuniuliza. Majuzi jirani mmoja alileta pikapu yenye P0420, na lake ni tofauti. Hakuna ufa, silinda zote zinachoma, sensa mbili zinakwenda sambamba. Masega yake yamechoka kweli. Lakini gari linatoa moshi wa bluu na oili inapungua kila wiki. Nilimwambia asinunue mapya bado, kwa sababu fosforasi na zinki zilizomo kwenye oili hufunika yale madini, na mapya nayo yatakufa. Ringi na sili za valvu kwanza. Fundi wake alitaka ayatoe kwa sasa, nikamweleza kwamba masega yaliyochoka bado yanafanya sehemu ya kazi, yabaki mpaka mengine yapatikane. Jirani anadunduliza pesa za injini. Alhamisi tunashuka pamoja Bungoma kwa yule kijana, ili ampimie kompresheni kabla hajanunua hata ringi moja.