Kwa Mpwa Wangu Anayepandisha Gari Njombe

Mpwa wangu mpendwa,

Habari za uhamisho wako wa kwenda Njombe zilitufurahisha sana. Iliyoninyima raha ni nyingine. Mama yako ananiambia lile Corolla 110 ulilonunua limeshapelekwa gereji kuandaliwa kwa safari, na kwamba maandalizi yenyewe yalikuwa kumwaga maji mekundu yaliyokuwa ndani ya rejeta, kujaza maji ya bomba, kisha kumalizia na chupa ya kijani ya bei nafuu, kwa kuwa fundi alisema kulanti ni kulanti. Hamkuniuliza, si wewe wala baba yako, ingawa ukoo mzima unajua ni nani kati yetu aliyezeekea kwenye spana. Hilo nitazungumza na baba yako mwenyewe. Wewe nakuandikia ili usiondoke Dar es Salaam ukiwa na ile chupa ya kijani ndani ya injini.

Elewa kwanza kazi ya kulanti, maana watu wengi wanadhani kazi yake ni kupooza injini tu. Kupooza, maji matupu yanaweza. Tena hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa maji na glikoli. Glikoli hupandisha kiwango cha kuchemka na kushusha kile cha kuganda, basi. Kinacholinda injini ni dawa chache zilizoyeyushwa ndani yake za kuzuia kutu. Injini yako, ile ya 5A, ina bloki ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu, na kati yao gasketi. Metali mbili tofauti zikikaa ndani ya maji yenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Chuma nacho hutoa kutu ya kahawia, na kutu hiyo huenda kukaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Maji ya bomba na ya visima vya Dar yana chumvi na chokaa za kutosha kuiharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo unaponunua kulanti, unachonunua hasa ni ile dawa, na dawa hizo si za aina moja.

Hapo ndipo rangi inapowapoteza watu. Rangi ni wino tu uliotiwa kiwandani ili uvujaji uonekane na chupa zitofautiane, na hakuna sheria ya dunia nzima inayosema kijani kiwe na dawa gani. Kulanti za kijani za zamani za Marekani zililinda aluminiamu kwa silikati. Wajapani waliziepuka silikati kwa kuona zinachakaza sili za pampu ya maji, wakategemea fosfati. Watengenezaji wengi wa Ulaya nao walizikwepa fosfati, kwa sababu zikikutana na maji yenye chokaa nyingi huganda kuwa ukoko mgumu. Toyota ya umri wa gari lako ilitoka kiwandani na kulanti nyekundu ya fosfati isiyo na silikati. Volkswagen nao walikuwa na nyekundu yao, G12, ya asidi za kikaboni bila fosfati. Nyekundu mbili hizo zinafanana machoni tu. Na hao hao Volkswagen waliwaonya wateja wasichanganye G12 na ile ya awali ya bluu, G11, kwa sababu mchanganyiko wake hugeuka tope la kahawia. Kama chupa mbili za kampuni moja hazikuweza kukaa pamoja, fundi wako anapata wapi ujasiri wa kusema kulanti ni kulanti?

Kuna kisa cha Marekani ambacho kila mwenye gari kuukuu anapaswa kukijua. Katikati ya miaka ya 1990, General Motors walianza kutia kwenye magari yao kulanti mpya ya rangi ya chungwa iitwayo Dex-Cool. Ilikuwa ya asidi za kikaboni, na ahadi yake ilikuwa kubwa: ingedumu miaka 5 au maili 100,000, baadaye wakaandika maili 150,000, wakati ile ya kijani ilibadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Watu wakaamini kwamba wanaweza kuisahau. Miaka ikapita, wamiliki wengi wakaanza kulalamika: gasketi za manifoldi zinavuja, rejeta na tangi la akiba vimejaa tope lenye rangi ya kutu. Kesi zikafunguliwa majimboni, na mwaka 2008 kampuni ikakubali kuwalipa fidia wamiliki ili kuzimaliza. Lakini hiyo haina maana kwamba kimiminika kile kilikuwa sumu ya injini, kwani magari mengi yalitembea nacho bila shida. Tope lilitokea hasa pale kiwango kilipoachwa kishuke na hewa ikaingia ndani ya mfumo, na lawama ya gasketi iliangukia asidi mojawapo iliyodaiwa kulainisha plastiki yake. Mimi nachukua mambo mawili hapo. Kulanti inapaswa kulingana na metali, gasketi na sili za injini inayowekewa. Na maneno ya kudumu muda mrefu yaliyoandikwa kwenye chupa hayamwondolei mwenye gari wajibu wa kufunua boneti na kutazama.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaokwambia utafute kulanti mpya kuliko zote kwa kuwa gari ni kuukuu na linahitaji msaada. Gari la zamani linahitaji dawa liliyoundiwa. Land Rover za enzi za babu yako zilikuwa na rejeta za shaba zilizounganishwa kwa risasi, na kulanti nyingi za asidi za kikaboni hazikutungwa kwa ajili ya kulinda risasi hiyo. Upya wa kulanti haukuzisaidia. Kwa Corolla lako, tafuta ile nyekundu ya Kijapani, au nyingine ambayo lebo yake inasema imetengenezwa kwa magari ya Kijapani, ina fosfati, haina silikati, amini wala borati. Kiwango cha Japani, JIS K 2234, kikitajwa ni dalili njema. Ukikosa kabisa, ya waridi ya Toyota inafaa mradi mfumo umeoshwa. Chupa isiyotaja chochote zaidi ya rangi, iache dukani.

Najua utanijibu kwamba daladala na malori yanatembea na maji ya bomba kila siku. Yanatembea, na utayaona pia yamefunua boneti kando ya barabara, dereva anamwagia ndoo. Kutu haiui injini kwa wiki moja. Huziba rejeta polepole, hula mapezi ya pampu, halafu siku ya mlima mrefu gari linachemsha, hedi inapinda na gasketi inaungua. Mlima huo unao mbele yako. Kitonga inapandwa kwa gia ndogo, injini inafanya kazi nyingi na upepo wa mbele ni kidogo. Na kadiri unavyopanda, kila mita 300 hivi, maji huchemka kwa digrii moja chini zaidi. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 93 au 94, ilhali injini yako inapenda kukaa karibu na 90. Kinachokuokoa ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta pamoja na glikoli, ambayo ikiwa nusu kwa nusu inaongeza digrii saba au nane. Utasema pia hakuna barafu Tanzania. Mjini Njombe sitakutisha nayo, lakini kazi ikikupeleka Makete na Kitulo mwezi Juni au Julai, utaona majani meupe kwa jalidi asubuhi.

Kuhusu bei, kulanti sahihi ni ghali kuliko ile ya kijani, na mshahara wa kwanza wa uhamisho huchelewa, hilo nalielewa. Lakini mfumo wako unabeba lita 6 hivi, kwa hiyo unahitaji lita 3 tu za ile isiyochanganywa, na utakaa nayo miaka miwili. Silinda hedi moja iliyopinda inakula fedha ya kulanti ya miaka mingi.

Fanya hivi. Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji yote, ya rejeta na ya bloki pia kupitia nati yake, kwa maana wengi huiacha ya bloki. Osha kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Tia kwanza zile lita 3, ndipo ujazie maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri. Hakikisha si tindikali, kwa sababu wauzaji wengine huita vyote viwili maji ya betri. Fosfati na chokaa haziivani, ndiyo sababu maji ya bomba siyataki. Kama chupa inasema imechanganywa tayari, usiongeze maji hata kidogo. Washa, acha hewa itoke, jazia.

Mfuniko wa rejeta ununue mpya. Termostati wasiitoe: kwenye injini nyingi za Toyota ikitolewa, sehemu ya maji hupita bila kufika kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi. Usifungue rejeta ya moto. Yale ya zamani usiyamwage uani, yana ladha tamu na yanaua mbwa na watoto. Na usisafiri usiku.

Mama yako anasema unaondoka Jumatatu. Ahirisha hadi Jumatano, mwajiri atakuelewa. Kesho peleka gari likamwagwe ile ya kijani, nawe usimame hapo hadi mwisho, kisha unipigie unisomee lebo ya chupa mpya kabla haijafunguliwa.

Mjomba wako,
Morogoro