KUSOTO: Katika Kutafuta Asili ya Gari la Mbao

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza, na kwa muda wa miezi mitano nilionekana mjinga machoni pa wengi, wakiwemo wenzangu wa bweni pale Njoro, walionicheka kila Jumamosi asubuhi nilipoondoka kwenda Rongai kumtembelea "mchumba wa chuma". Mchumba huyo alikuwa gari. Lilikuwa limelala ndani ya ghala la mahindi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, na mwenye shamba alitaka kujua jambo moja tu: bodi yake iliundwa na nani, na wapi?

Swali hilo lilikuwa na fedha ndani yake. Mnunuzi mmoja wa magari ya kale alikuwa tayari kulichukua, ila alisema kwamba bei ingetegemea jibu. Kama bodi iliundwa Uingereza katika karakana yenye jina, bei ingepanda. Kama ni kazi ya "fundi wa huku", angetoa bei ya chuma chakavu na pole kidogo juu yake. Mwenye shamba, ambaye babake alilinunua shamba hilo pamoja na ghala na vyote vilivyokuwamo kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akifunga virago baada ya uhuru, alikuwa amekwisha kuamua kwamba jibu ni Uingereza. Alinihitaji mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nizungumze na wazee kisha niliandike jibu hilo kwa lugha safi.

Sikumwambia kwamba nami nilikuwa na jibu nililolitamani. Tangu utotoni babu yangu alinisimulia kuwa baba yake, Mtugen aliyeshuka kutoka milima ya Baringo kutafuta kazi, alikuwa seremala katika karakana ya Kalasinga mmoja mjini Nakuru, na kwamba kazi yake ilikuwa kuunda magari ya Wazungu kwa mbao. Tulikuwa tukimcheka babu. Nani aliwahi kusikia gari la mbao?

Naam, msomaji, yalikuwapo. Siku hizi mtu akinunua gari hulipata zima, lakini zamani aghalabu kampuni ilitengeneza chesisi, yaani ile fremu ya chuma pamoja na injini, magurudumu na usukani, ikaiuza ikiwa uchi. Mnunuzi mwenyewe aliipeleka kwa waunda bodi, watu waliorithi ufundi wao kutoka kwa waliounda magari ya kukokotwa na farasi. Rolls-Royce iliuza chesisi tupu kwa miaka mingi, hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Hata kwetu desturi hiyo haijafa. Mabasi mengi tunayoyapanda yalivishwa bodi zao katika karakana za humu humu nchini. Walowezi wa Bonde la Ufa, ambao barabara zao zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, walihitaji gari la kubeba mbegu, mbwa na vibarua siku za juma, na mke wa bwana siku ya Jumapili. Basi walinunua chesisi, wakaagiza sanduku la mbao lijengwe nyuma ya dereva, na juu yake turubai. Kwa Kiingereza magari hayo yaliitwa kwa jina la hilo sanduku. Vinywani mwa wazee wa Rongai jina limekuwa boksibodi. Yaliyosalia ni machache mno, maana chuma huuzwa na mbao huoza.

Hapa Njoro aliishi mtu ambaye gari lake halina fumbo lolote. Lord Maurice Egerton, aliyejenga ile ngome ya mawe kati ya mwaka 1938 na 1954, na ambaye chuo chetu kinalibeba jina lake, alikuwa mpenzi wa mitambo tangu ujana wake. Alikuwa na gari aina ya Benz la mwaka 1900. Sheria ya kusajili magari ilipoanza kutumika Uingereza, tarehe 1 Januari 1904, gari hilo likawa la kwanza kusajiliwa katika jimbo la Cheshire, likapewa nambari M 1. Gari limehifadhiwa Tatton Park, nyumbani kwa ukoo wake. Mwaka 2006 nambari hiyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 300,000. Nambari peke yake, si gari! Niliposoma habari hiyo nilishikwa na wivu wa mtafiti. Gari la Rongai halikuwa hata na kibao.

Nilianza na chuma, kwa kuwa chuma hakina haya ya kusema umri wake. Jina la Chevrolet lilisomeka kwa taabu kwenye radieta. Nilihesabu plagi za injini nikapata 6. Magari ya Chevrolet ya miaka iliyotangulia yalikuwa na silinda 4. Injini ya silinda 6 ilikuja na magari ya mwaka 1929. Usukani ulikuwa upande wa kulia. Hapo mambo yakaanza kunoga, kwa maana Chevrolet ni ya Marekani, lakini kampuni mama, General Motors, ilikuwa na kiwanda Oshawa nchini Kanada kilichotengeneza magari ya makoloni ya Mwingereza. Mwaka 1926 ilifungua kingine Port Elizabeth, Afrika Kusini, na mwaka 1928 kingine Bombay. Chuma hicho basi kilikuwa na asili nne za kuchagua, na hakuna hata moja iliyokuwa Uingereza. Nilipompasha mwenye shamba habari hizo, alinitazama kama niliyemvunjia chungu. "Lakini bodi?" akauliza. "Bodi hujaisema."

Bodi niliinusa. Nilikwangua ubao wa sakafu kwa kisu, mahali ambapo rangi na kinyesi cha kuku havikufika, na harufu iliyotoka ilinirudisha darasa la kwanza: harufu ya penseli iliyochongwa. Ulikuwa mtarakwa. Mti huu, ambao jina lake tumelitwaa kwa Wamaasai, humea katika nyanda zetu za juu. Nguzo zake zimeshika nyua za Molo na Naivasha kwa miongo mingi kwa sababu mchwa hawautaki. Ulisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya penseli, lakini bado sijasikia fundi wa London aliyeunda gari kwa mbao za penseli. Bodi hii ilizaliwa huku.

Jumamosi iliyofuata nilikiondoa kiti cha nyuma. Chini yake palikuwa na mbao mbili ambazo jua halikuwa limeziona kwa muda wa miaka tisini hivi. Kila ubao ulikuwa na maandishi ya penseli nene, penseli ya seremala. Kwanza tarakimu za ajabu ambazo sikuzijua. Kisha, kwa herufi kubwa za Kirumi, ubao mmoja uliandikwa KULIA. Wa pili uliandikwa KUSOTO.

Nilikaa chini katikati ya manyoya ya kuku nikalitazama neno hilo kwa muda mrefu.

Tarakimu nilizipiga picha nikazipeleka kwa mzee mmoja wa jamii ya Makalasinga mjini Nakuru. Alizisoma papo hapo: ni Kigurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, na zilisema arobaini na saba na nusu. Nilikuwa nimekwisha kuupima ubao. Ulikuwa inchi 47 na nusu. Hapakuwa na ajabu katika hilo. Reli ya Uganda ilijengwa na vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, na ingawa walio wengi walirudi kwao, maelfu walibaki. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Waliobaki na randa na nyundo zao wakawa maseremala, wahunzi na makanika wa miji iliyochipuka kandokando ya reli, hata hilo jina Kalasinga, ambalo inasemekana lilikuwa la mtu mmoja, Kala Singh, likawa letu la kuwaitia wote.

Basi palikuwa na watu wawili, au pengine mmoja mwenye hati mbili, na baina yao palikuwa na Kiswahili. Mpunjabi alipima. Maneno aliyaandika nani? Wanafunzi wenzangu wa isimu wamekwisha kuona mkondo wa mawazo yangu. Kikalenjin hakina sauti /sh/. Mtugen, Mnandi au Mkipsigis aliyejifunza Kiswahili ukubwani husema "kusoto" na huandika asemavyo. Katika somo la uchanganuzi makosa tunafunzwa kuiita hali hiyo athari ya lugha ya kwanza, na katika shule za msingi hupigiwa mstari mwekundu. Hapa kosa lilikuwa sahihi ya mtu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1939. Katika miaka hiyo hiyo ya mijadala ya tahajia, seremala mmoja Nakuru alikuwa ameshaamua yake kwa penseli. Nilitoka kwa yule mzee nikiwa na hakika kwamba seremala huyo ni baba yake babu yangu.

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. "Kijana, umesema Wakalenjin hawana sh. Babu yangu mimi alisema 'sauri ya Mungu' mpaka akafa. Wapunjabi wengi wa zamani walisema hivyo. Na Wajaluo je?"

Nilirudi nikaketi. Alikuwa na haki. Kijaluo nacho hakina sauti hiyo, na Wajaluo walifanya kazi katika miji yote ya reli. Ushahidi wangu ulikuwa umegawanyika mara tatu mbele ya kikombe cha chai.

Nilisafiri hadi Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi. Katika majalada niliyoyapekua nilikutana na wenye mashamba, ekari zao, mikopo yao na magomvi yao kuhusu ngano. Sikuona jina la seremala hata mmoja. Hata hivyo, kulikuwa na karatasi moja ambayo ingelimaliza shauri hili: kipande. Tangu mwaka 1920 serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kutembea na karatasi ya usajili, aghalabu ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mliandikwa nambari yake, kabila lake, mwajiri wake, mshahara wake, na siku aliyoruhusiwa kuondoka kazini. Kipande cha baba yake babu kingetaja karakana na mwaka.

"Kikebe kipo," babu aliniambia, akakitoa mfukoni. Nilikuwa nimekiona maisha yangu yote. Humo ndimo anamotilia ugoro. "Karatasi aliichoma. Nilikuwa mtoto nikiangalia. Walipotangaza kwamba kipande kimekwisha, alikusanya majani makavu, akaiweka juu, akachoma, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka vile."

Laiti angelijua! Hivyo ndivyo nilivyowaza kwanza, na mara nikaona haya. Nambari ya gari la Lord Egerton ilikuwa kitu cha kujivunia hata kikauzwa. Nambari ya mzee wangu ilikuwa kengele shingoni mwa mbuzi. Nani angemwomba aitunze kwa faida ya mjukuu anayetafuta asili ya gari?

Ripoti niliiandika kurasa mbili. Nilisema chesisi ni ya Chevrolet, si ya kabla ya magari ya mwaka 1929. Nilisema bodi iliundwa humu nchini kwa mtarakwa, bila shaka katika karakana iliyokuwa na fundi mjuzi wa Kigurmukhi na iliyotumia Kiswahili katika kazi zake. Mnunuzi alikuwa ameleta fomu yenye nafasi ya jina la muunda bodi. Kalamu yangu ilisimama hapo usiku mzima, na sifichi kwamba niliandika jina la mzee wangu, nikalitazama, nikaichana fomu ile nikachukua nyingine. Pale nikaandika: "Jina halijulikani. Aliandika KUSOTO." Mwenye shamba aliisoma, akaikunja mara nne, akanilipa nauli bila kusema neno. Mnunuzi hakurudi. Gari lingali ghalani.

Kabla ya kufunga muhula nilimpeleka babu kuliona, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi. Nilimweleza njiani yote, pamoja na shaka zote tatu: Mtugen, Mjaluo, Mpunjabi. Nilimweleza pia habari ya lile kosa. Alisikiliza huku akitazama mashamba ya mahindi nje ya dirisha la matatu. Ghalani tulimwondolea kuku mmoja aliyekuwa ameatamia, nikainua kiti, nikawasha tochi. Babu aliinama, akapitisha kiganja juu ya ubao taratibu, kama apimaye ulaini wa kazi ya randa. Kisha akasoma kwa sauti, silabi baada ya silabi, kama alivyofundishwa kusoma utotoni:

"Ku-so-to."

Akainuka, akafungua kikebe, akanusa ugoro wake, akanigeukia.

"Mjukuu wangu, ulisema kuna kosa. Liko wapi?"