Hapa Aliishi

Dada yangu anatunza wazee Roma. Mwaka nilioacha chuo, yeye ndiye aliyenitumia tiketi. "Kuja upumue kidogo," akaniambia. Siku yake ya off akanipeleka Ghetto, mtaa wa kale wa Wayahudi kando ya mto Tiber.

Nilitarajia kuta. Hakuna. Papa Paulo wa Nne aliwafungia hapo mwaka 1555, malango yakipigwa kufuli kila usiku. Kuta zilibomolewa mwaka 1848. Siku hizi ni meza za mikahawa na harufu ya mboga za kukaangwa.

Kisha, mbele ya mlango mmoja, nikaona vijiwe vya shaba, kila kimoja upana wa kiganja. Dada akanitafsiria: "Hapa aliishi." Halafu jina, mwaka wa kuzaliwa, 16 Oktoba 1943, Auschwitz. Siku hiyo Wanazi waliwazoa Wayahudi wa Roma, wakasafirisha zaidi ya 1,000. Walirudi 16.

Nikaanza kupiga hesabu ya umri wa mmoja wao. Nikaacha.

Nyumba tuliyozaliwa Nairobi ililazwa na tingatinga alfajiri moja, barabara ipite. Sisi tulitoka hai, kwa hivyo silinganishi. Lakini nikipita hapo na matatu, sina hata cha kumwonyesha mtu.

"Hata namba ya mlango sikumbuki," nikamwambia dada.

Alikuwa amechutama, anapangusa shaba na leso yake. Akaitaja bila kufikiri. Namba, rangi ya geti, na mahali mama alikuwa akificha ufunguo.